Mkebe Uliokataa Kuganda

Mikebe ilikuwa miwili, ya samli, kila mmoja una lita 4 za mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Ilitiwa unga uleule wa kugandishia mafuta, kwa kipimo kilekile, jioni ileile, kwa mkono wa mtu mmoja, naye ni mimi. Asubuhi mmoja ulikuwa mgumu, unakatika kwa kisu kama sabuni ya mche. Wa pili ulikuwa uji. Hayakuwa mafuta tena, wala hayajawa kitu cha kushikika: uji mzito wenye madonge, unaomiminika ukiinamisha mkebe, na juu yake umetanda utelezi wa mafuta.

"Njoo uone mambo yako," Khalati alinipigia simu kabla sijanywa chai.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu kila aliyekisikia alitoa hukumu papo hapo. Kila hukumu ilikuwa na mantiki yake, na karibu zote zilimwonea mtu, au mnyama.

Mambo yalivyoanza

Khalati anauza vyakula vya kukaanga karibu na ukingo wa bahari, hapa Amu, yaani Lamu. Asubuhi ni bajia na viazi vya karai, alasiri kaimati, jioni samaki. Mafuta yakichoka hayana pa kwenda. Zamani yalikwenda mtaroni. Anayeujua mji huu anaijua mitaro yake: ya wazi, myembamba, inapita kando ya kuta za matumbawe na kuteremka hadi ukingoni, ambako maji ya kujaa huja kuchukua kilicholetwa. Mafuta hayafuatani na maji. Hunata kingoni, hushika mchanga, maganda na mavi ya punda, mwisho yakawa ukoko unaohitaji jembe. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini mtaro haujui kusoma orodha.

Mimi nafundisha kemia. Nikiwa chuoni nilijifunza kwamba huko Japani madukani kunauzwa pakiti za unga wa kugandishia mafuta ya kukaangia. Mtu huzima jiko, humwaga unga kwenye mafuta yakiwa bado moto, hukoroga, huacha. Mafuta hugeuka kipande kimoja anachokibandua na kukitupa pamoja na takataka. Nikamwambia Khalati. Akanitazama kama anavyonitazama siku zote nikija na habari za vitabuni, kisha akasema, "Ulete tuuone."

Unga huo kwao ni kwetu pia, kwa maana ya kwamba umetokana na mbarika, mti unaojiotea kwenye viwanja visivyo na mwenyewe. Mafuta ya mbarika, ndiyo hayo wengine wanayoita ya nyonyo, sehemu yake kubwa, kama asilimia 85 hadi 90 ya asidi zake za mafuta, ni asidi ya risinoleiki. Kiwandani huongezewa hidrojeni, na kinachopatikana huitwa asidi ya 12-haidroksisteariki. Jina hilo nimeliandika mara moja na yatosha. Kuanzia hapa nitauita unga wa mbarika. Nilinunua kilo 1 Mombasa, kwa muuza malighafi za vipodozi, na aliniuliza mara mbili kama kweli najua ninachonunua.

Jioni yenyewe

Ilikuwa Julai, kusi imekaza. Mafuta ya mkebe wa kwanza yalikuwa ya viazi na kaimati, yametumika siku 2 tu. Ya mkebe wa pili yalikuwa ya samaki, yamekaangiwa takriban wiki nzima, rangi yake ya kahawa. Lita 4 za mafuta zina uzito wa kama kilo 3.7, kwa hiyo nilipima gramu 110 za unga kwa kila mkebe, yaani asilimia 3 hivi. Nilipasha kila sufuria hadi digrii 85, nikatia unga, nikakoroga mpaka punje zote zikatoweka na mafuta yakawa angavu. Nikazima jiko. Nikamimina mikebeni.

Mkebe wa viazi ulibaki pembeni mwa kibanda, umefunikwa sinia. Mkebe wa samaki haukuweza kulala pale, maana kuacha mafuta ya samaki kibandani usiku ni kuwaalika paka wa mtaa mzima. Kijana anayemsaidia Khalati akautia kwenye shogi, akamswaga punda hadi nyumbani, Mkomani, mwendo wa robo saa kwa vichochoro. Mimi nikaenda kulala nikiwa nimejiridhisha sana.

Hukumu za barazani

Khalati alisema ni mafuta ya samaki. "Yale yamekufa," alisema, "hayashiki kitu."

Mzee jirani, kalafati wa majahazi aliyestaafu, alisema ni punda. Hoja yake ilikuwa fupi: hata maziwa ya kugandisha huyapandishi juu ya punda. Barazani wote wakaafiki. Kijana mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakusema neno, na ukimya ule sikuupima ipasavyo.

Mimi nilishuku unga na mizani yangu. Nilifikiri labda mkebe wa pili ulipata pungufu, au mfuko una unga usio safi chini kuliko juu. Hiyo ndiyo tabia ya watu wa maabara: tunashuku chupa kabla ya kumshuku mtu.

Kabla ya kuhukumu, ilibidi tuelewane kuganda ni nini

Khalati aliniuliza swali zuri. Mbona mafuta ya nazi huganda yenyewe asubuhi za Julai bila unga wowote? Ni kweli. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye digrii 24 hivi, na alfajiri ya kusi chupa huwa nyeupe. Lakini kule kuganda ni kwa namna nyingine. Pale ni mafuta yenyewe yanayosimama: molekuli zake zinajipanga safu kwa safu, yakawa fuwele.

Kwenye mkebe wa viazi mafuta hayakusimama. Asilimia 97 ya kile kipande kigumu ilikuwa bado mafuta ya maji, kama yalivyotoka sufuriani. Nilimkatia Khalati kipande, nikakifunga kwa kitambaa cha buibui kuukuu, nikakikamua. Mafuta yalitoka yakitiririka, na ndani kukabaki kitu kidogo kama nta laini. Hicho ndicho kilichokuwa kimeyashika yote.

Mfano uliomwingia ni wa lema, ule mtego wa samaki. Lema likitolewa baharini, ukilipima kwa macho ni kubwa kama pipa, lakini fito na ukili wake ukizibana pamoja ni mzigo wa kwapani. Sehemu kubwa ya lema ni nafasi. Jeli, yaani kitu kilichoganda kwa namna hii, ni lema lenye matundu madogo mno, madogo kiasi kwamba mafuta yaliyomo yanashikwa na kuta za pande zote, kama maji yanavyoshikwa na sifongo, na uzito wake hautoshi kuyatoa.

Haya, nani aliyelisuka lema?

Kwenye halua na faluda jibu ni rahisi. Wanga wa halua na ile nyasi ya bahari ya faluda vina molekuli ndefu, ndefu kupita kiasi, na kitu kirefu kikijaa chunguni lazima kisokotane. Unga wa mbarika si mrefu. Molekuli yake ina uzito wa kama 300, ilhali molekuli ya mafuta ya kukaangia inakaribia 900. Nilifanya hesabu nyuma ya kasha la kiberiti: kwa kipimo cha asilimia 3, kila molekuli 1 ya unga inakabiliana na molekuli 10 hivi za mafuta, na kila moja ya hizo 10 ni kubwa kuliko yeye mara 3. Mtoto mmoja anaambiwa awashike watu wazima 10. Hawezi, isipokuwa watoto washikane wao kwa wao kwanza.

Nao hushikana. Molekuli ya unga ni mnyororo wa kaboni 18. Kwenye kichwa ina kundi la asidi, na kwenye kaboni ya 12 ina mkono mdogo uliochomoza ubavuni: oksijeni moja na hidrojeni moja. Mafuta yakiwa na digrii 85 kila molekuli inazurura peke yake, maana joto linavunja kila mshiko kabla haujakaza. Yakipoa, vichwa hukutana viwili viwili na kunasana. Kisha ile mikono ya ubavuni inafanya kazi yake: mkono wa huyu unashika mkono wa yule, na yule wa mwenzake, na mwenzake wa anayefuata, kama wapagazi walivyojipanga kutoka jahazini hadi ghalani wakipokezana boriti. Mshiko mmoja ni dhaifu, haufikii hata sehemu moja ya kumi ya nguvu ya kifungo kinachoshika kaboni kwa kaboni. Lakini mstari una maelfu ya mishiko, na mstari unarefuka upande mmoja upesi kuliko unavyonenepa. Ndiyo maana kinatokea uzi, si bamba.

Uzi huo upana wake ni makumi ya nanomita. Unywele wa mtu ni kama nanomita 80,000. Urefu wake unaweza kuzidi upana mara mia na zaidi. Nyuzi zinatoa matawi, zinapishana, zinakwamana, na chungu kizima kinakuwa wavu mmoja kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna aliyesuka. Wataalamu husema molekuli hizi hujipanga zenyewe, na hawasemi kwa tashbihi: kazi yote ya binadamu ni kupasha na kuacha.

Huo mkono wa ubavuni si urembo. Asidi ya steariki ina kaboni 18 zilezile na kichwa kilekile, haina mkono tu. Niliitia kwenye mafuta mapya kwa asilimia ileile 3. Haikufunga kitu, mafuta yalimiminika kama kawaida.

Liko jambo jingine ambalo kalafati alilielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Ule mkono unaweza kukaa kwa namna mbili zilizo kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Mbarika, kwa kuwa ni kiumbe hai, hutengeneza upande mmoja tu. Nyuzi zake kwa hiyo husokotwa zote kuelekea upande mmoja. Watu wa maabara wakichanganya kulia na kushoto nusu kwa nusu, hupata vibamba badala ya nyuzi ndefu, na jeli yake ni dhaifu. Mzee akasema bila kufikiri, "Kamba ya kumba ukiisokota huku na huku haiwi kamba." Sina la kuongeza.

Uchunguzi

Jumapili tuligeuza jiko la Khalati kuwa maabara. Bilauri 9, kipimajoto changu, mizani ya jikoni inayopima hadi gramu. Kipimo cha jeli hakihitaji mashine: unapindua bilauri. Kikibaki juu ni jeli, kikishuka si jeli. Watafiti wenyewe huanza hivyohivyo, kwa kupindua kichupa.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa unga. Nilichota uji wa mkebe wa samaki, nikaupasha hadi digrii 85. Madonge yaliyeyuka yote, ukawa mafuta angavu ya rangi ya kahawa. Nikauacha utulie. Baada ya dakika 40 nilipindua bilauri, na haukushuka. Unga ulikuwemo, wa kutosha, na ulikuwa mzima. Jaribio hili moja limebeba nusu ya kisa. Simenti ikishakosewa haipashwi moto ikarudi kuwa simenti. Jeli ya namna hii hurudi, kwa sababu hapakuwa na kifungo cha kikemia kilichoundwa wala kuvunjika. Ni mikono tu iliyoachana na kushikana tena.

Lakini haikuwa ngumu kama ya mafuta ya viazi. Ukiibonyeza kwa kidole ilikubali haraka mno. Hapo Khalati akakaa vizuri kwenye kibao chake, maana mshukiwa wa pili ni wake.

Tukatengeneza bilauri kwa vipimo tofauti. Mafuta mapya yalishika vizuri kwa asilimia 2. Mafuta ya samaki kwa asilimia 2 yaliteleza polepole bilauri ilipopinduliwa, kama asali, na yalihitaji 3 na nusu kufikia ugumu ambao mapya yalifikia kwa 2. Sababu yake iko kwenye karai. Mafuta yakikaangiwa siku nyingi yanaingiwa na maji ya samaki, hewa na joto. Molekuli zake hukatika na kuungua, zikaacha vipande vyenye oksijeni, navyo vina mikono kama ya unga wetu. Baadhi ya nchi za Ulaya hukataza mafuta yasitumike tena yakifikisha takriban asilimia 25 ya vipande vya namna hiyo. Kwa mlaji hiyo ni habari ya afya. Kwa molekuli ya unga ni habari ya fitina: anapotafuta mwenzake amshike mkono, anashikwa na mpita njia. Uzi unakatizwa, na sehemu ya unga inabaki imeyeyuka bila kujiunga na wavu.

Kwa hiyo Khalati alikuwa sahihi kwa robo. Mafuta yale yaliupunguzia wavu nguvu. Hayakuufanya uji.

Mshukiwa wa tatu ndiye niliyekuwa nimeshamhukumu moyoni. Kila kitu kilielekea kwake: mkebe ulioganda ulitulia, mkebe ulioharibika ulipanda punda. Na kinadharia ilikubalika, kwa kuwa nyuzi changa hukatika zikitikiswa. Lakini baraza lilikuwa limehukumu bila kumjaribu, na mimi nimefundisha watoto miaka mingi kwamba hilo halifai. Jumatatu jioni tulipasha mafuta mapya lita 4 kwa asilimia 3, tukayatia mkebeni, mkebe kwenye shogi, punda yuleyule, njia ileile. Mimi nikafuata nyuma na kipimajoto mfukoni, watu wakiuliza mwalimu anampeleka wapi punda.

Tulipofika Mkomani mafuta yalikuwa na digrii 75. Nikauweka mkebe sakafuni, nikaukalia mbali. Baada ya saa 1 na kitu, joto lilipokaribia digrii 50, weupe kama ukungu ulianza kutanda kwenye mafuta kutoka kwenye ubavu wa mkebe, ukaenea ndani. Asubuhi mkebe ulikuwa mgumu kabisa.

Punda hakuwa na kosa. Na baada ya kuona nilijilaumu, kwa sababu jibu lilikuwa mbele yangu: mkebe wa lita 4 haupoi kwa robo saa. Njiani mafuta yalikuwa bado moto, unga umeyeyuka, hakuna uzi hata mmoja. Huwezi kulivunja lema ambalo halijasukwa.

Aliyesema mwishoni

Nilipotangaza barazani kwamba punda ameachiliwa, kijana akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema, "Mwalimu, mimi niliukoroga."

Kumbe kabla ya kuanza kazi kwa Khalati alikuwa kwa muuza halua. Usiku ule, kabla ya kulala, alifunua mkebe kuutazama. Akakuta umeanza kuwa mweupe pembezoni na katikati bado mafuta. Kwa aliyelelewa na halua, hiyo ni dalili ya hatari: pembezoni kunashika, katikati bado, ukiiacha itafanya madonge. Akachukua mwiko, akakoroga vizuri, kwa uaminifu, mpaka mkono ukachoka. Alivyoona unazidi kuwa mzito aliamini ameuokoa. Hakutuambia kwa sababu hakujua kwamba kuna la kuambia. Alipoona sote tunamtaja punda, akadhani labda ni punda kweli.

Kazi yake kwenye halua ilikuwa sahihi. Wanga lazima ukorogwe ukiwa motoni, ili punje zake zivimbe sawasawa na zisishikamane wala kuungua chini. Na molekuli zake ni ndefu zenyewe; mwiko haumfupishi mtu aliyezaliwa mrefu. Uzi wa unga wa mbarika ni mrefu kwa sababu tu ya wadogo wengi kushikana, na mwiko ukipita wanaachana.

Tukajaribu, kwa sababu kukiri si ushahidi. Bilauri ya kwanza ilikorogwa mfululizo kutoka digrii 85 hadi 60, kisha ikaachwa: iliganda kama kawaida. Ya pili iliachwa kimya hadi 50, ukungu ulipoanza ikakorogwa hadi 35: uji, wenye madonge, wenye utelezi juu. Ulikuwa ule ule wa mkebe wa samaki, isipokuwa rangi. Ya tatu haikuguswa kabisa, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote.

Nililotaka kulijua zaidi ni kama uji hujirekebisha ukiachwa. Niliuacha siku 2. Haukujirekebisha, mafuta yalizidi tu kujitenga juu. Sababu ni kwamba ukungu ulipotokea na joto likazidi kushuka, karibu unga wote ulikwisha kutoka kwenye mafuta ukawa nyuzi. Mwiko uliukata kuwa vipande vifupi vinavyoelea kila kimoja na lake. Hakukubaki unga wa kutosha ulioyeyuka kuja kuviunga. Vifito vya lema vipo vyote, vimekatwa urefu wa kidole. Dawa ni moja: kuurudisha motoni mpaka uwe angavu, ili kila molekuli iachwe huru, ianze upya. Nao moto huo lazima upite kile kiwango ilipoanza kuganda. Kwenye vipimo vyangu ukungu ulianza karibu na 50 lakini jeli haikuyeyuka yote mpaka kupita 60. Kuingia na kutoka si mlango mmoja.

Kosa la kwanza katika kisa hiki ni langu. Nilimpa kijana mkebe bila kumwambia kinachotokea ndani yake, nikadhani "uweke tu" ni maelezo.

Swali la Khalati kuhusu bahari

Siku nyingine, tukipita gatini, Khalati aliona dizeli imetanda juu ya maji kwa rangi zake za upinde wa mvua. Akauliza kama unga wetu unaweza kuikusanya. Nilitaka sana kusema ndiyo. Dizeli nayo ni kimiminika cha kikaboni, na unga wa mbarika hugandisha vingi vya jamii hiyo. Tatizo ni moto. Unga hauna budi kuyeyuka kwanza, na bahari haichemshwi.

Wako waliolishughulikia hilo. Mwaka 2001 Santanu Bhattacharya na mwenzake kule Bangalore, India, waliripoti molekuli ndogo, iliyotokana na asidi ya amino alanini, inayogandisha mafuta yaliyochanganyika na maji na kuyaacha maji yalivyo. Mwaka 2010 kundi la George John kule New York likafanya jambo la jamaa yake kwa molekuli zilizotokana na sukari. Mbinu yao ni kuyeyusha kigandishi kwanza katika kiyeyushi kidogo, kisha kukitia juu ya mafuta yakiwa baridi. Tangu bandari mpya ya Lamu ianze kazi Mei 2021, meli kubwa zinapita karibu na wavuvi wetu, na ningependa vitu hivyo viwe na bei ya kununulika. Kwa sasa havimhusu mwenye mashua.

Hata hivyo kila fundi wa boti hapa anashika jamaa wa unga huu kila siku. Grisi ya lithiamu, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1942 kwa jina la Clarence Earle, sehemu kubwa yake ni mafuta ya mashine yaliyoshikwa na nyuzi za chumvi ya lithiamu ya asidi hiihii ya mbarika. Inatengenezwa kwa kukorogwa na kusagwa kwa makusudi, kwa sababu grisi inatakiwa iteleze, siyo isimame kama sabuni. Nilipomweleza kijana hilo alifurahi kuliko siku zote. Kumbe alikuwa ametengeneza grisi mbovu ya samaki.

Na ugunduzi wa vitu hivi, kusema kweli, una historia ndefu ya bahati. Kitu kimoja mashuhuri kilichotokana na sorbitoli, jamaa ya sukari, kinachogandisha vimiminika vya kikaboni kiliripotiwa na Meunier mwaka 1891, na ikapita karibu karne kabla watu hawajakaa chini kuchunguza kwa mpango kwa nini molekuli ndogo hufanya hivi. Wengi walivipata walipokuwa wakitafuta fuwele safi: wakarudi maabara asubuhi, wakapindua chupa, haikumiminika. Mpaka leo kubashiri kwamba molekuli hii itagandisha kimiminika kile ni kazi ngumu, na mengi hupatikana kwa kujaribu.

Yalipoishia

Hesabu ya Khalati ilikuwa kali kuliko yangu. Kilo 1 ya unga kwa gramu 110 ni mikebe 9, na Mombasa si mlangoni. Mafuta ya viazi na kaimati sasa hayapewi unga. Anakuja mama mmoja wa Langoni anayepika sabuni, anayachukua bure na kushukuru. Unga umebakizwa kwa mafuta ya samaki, ambayo hayataki hata mtengeneza sabuni kwa harufu yake, na kipimo kimepandishwa hadi gramu 130. Vipande vikishika hukatwa na kufungwa kwenye gazeti. Vingine kijana huwashia makaa, ingawa vina moshi na nimemkataza kuviwasha ndani.

Mkebe wa uji wenyewe ulirudishwa motoni Jumanne, ukapashwa hadi ukawa angavu, ukawekwa sakafuni Mkomani. Khalati alichukua mwiko, akaufungia kabatini, na ufunguo akautia kwenye pindo la leso. Alfajiri aliupindua mkebe juu ya sinia. Kilitoka kipande kizima, chenye alama za mikunjo ya bati ubavuni, na chini kabisa, mahali palipokuwa juu, kuna nyayo 4 za paka.